Godoro la upepo au sponji ya sakafuni? Kwa anayeanza maisha Mwanza bila kitanda

Nilihamia Mwanza kikazi mwezi wa Mei nikiwa na begi moja la nguo, sufuria mbili na chumba nilichokuwa nimeshakilipia kodi ya miezi sita. Chumba kilikuwa Mabatini, juu kabisa, kule ambako gari linaishia barabarani na wewe unamalizia kwa miguu katikati ya mawe. Kodi ilikuwa imekula kila kitu, hela ya kitanda haikuwepo. Nikanunua godoro la upepo la bei ya chini, la mtu mmoja, nikajiambia nitalilalia wiki tatu tu. Nililalia miezi minne na siku kadhaa. Baadaye nikalalia sponji ya inchi nne sakafuni kabla sijapata kitanda, na vyote viwili nimewalaza wageni, maana ukiishi karibu na hospitali ya Bugando, ndugu wanaokuja na mgonjwa kutoka Geita, Kagera na Mara hawakosekani.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi: ana sakafu tupu, hela inatosha kitu kimoja, na anataka kulala kila siku huku akijipanga. Maswali ya kambini na ya mgeni wa usiku mmoja ni mengine, na majibu yake ni mepesi.

Usiku wa kwanza godoro la upepo linaweza hata kulishinda la sponji. Ni nene, limekuinua kutoka sakafuni, mgongo unaelea. Usichague kwa usiku huo. Chagua kwa kuangalia namna kila kimoja kinavyokufa. Sponji inachoka polepole: mwezi wa sita unahisi nyonga imezama kidogo, mwaka wa pili unaligeuza upande, mwaka wa tatu unamgawia mdogo wako na bado analilalia. Godoro la upepo linakufa saa tisa usiku, na kesho yake una kazi.

Kulifikisha nyumbani

Hapa upepo unashinda bila ubishi. Godoro la mtu mmoja likiwa limekunjwa lina uzito wa kilo tatu hivi, linaingia kwenye mfuko, unapanda nalo daladala ya Buhongwa au Igoma na hakuna anayekutazama. Sponji ya futi nne kwa sita ni safari. Muuzaji atakuviringishia na kukufunga kwa kamba, bajaji itakufikisha chini ya mlima, kisha inabidi utafute kijana wa kulipandisha. Mvua ikinyesha njiani umeshaharibu. Kwa watu wa Igogo, Mabatini na Bugando juu, gharama ya kupandisha si ndogo, iweke kwenye hesabu kabla hujalinganisha bei za dukani.

Na kama kazi yako ni ya kuhamahama, mathalani unapelekwa Sengerema mwezi huu na Ukerewe mwezi ujao, kitu kinachoingia kwenye begi la kupanda nalo meli ya Nansio kina thamani ambayo sponji haitakuwa nayo kamwe.

Usiku wenyewe

Jambo la kwanza linalowashtua watu: godoro jipya la upepo linalegea usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu hata kama halina tundu. Plastiki yake inanyumbuka mpaka ikae sawa. Wengi wanalirudisha dukani siku hiyohiyo wakidhani wameuziwa bovu. Lijaze, liache masaa kadhaa, liongeze upepo, lilalie, asubuhi liongeze tena. Baada ya siku chache hali inatulia, ingawa kuongeza kidogo kila baada ya siku mbili tatu utaendelea nako siku zote.

La pili ni baridi. Mtu wa Pwani akisikia Mwanza anafikiri joto tu, lakini mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku unashuka mpaka nyuzi 16 au 17. Ndani ya godoro la upepo hakuna kitu cha kuzuia baridi. Ile hewa inazunguka, inachukua joto la mwili wako na kulipeleka kwenye sakafu ya saruji. Nilikuwa najifunika mablanketi mawili na bado mgongo unaganda, mpaka mama mwenye nyumba aliponisikia nikikohoa akaniuliza, "Mwanangu, hilo blanketi moja si ulitandike chini?" Usiku huo ndio nilianza kulala. Blanketi la chini ya shuka linafanya kazi kuliko la juu, na ukiweka mkeka au maboksi yaliyokunjuliwa chini ya godoro ni bora zaidi. Sponji haina shida hii kwa sababu vitundu vyake vidogo vinaishika hewa isitembee. Hata ya inchi nne inakutenga na ubaridi wa sakafu.

Baridi ina ujanja mwingine. Chumba cha bati kisicho na dari saa tisa alasiri kina nyuzi 30 au zaidi. Ukijaza godoro saa hiyo mpaka likakaza, kisha usiku chumba kikashuka hadi nyuzi 18, hewa ileile inasinyaa kwa kama asilimia 4 bila kutoka hata kidogo. Unaamka umezama, unaanza kutafuta tundu ambalo halipo. Dawa yake ni kujaza jioni, dakika chache kabla ya kulala, na kuliacha libonyee kidogo ukiliminya kwa kiganja. Mchana, jua likipiga bati, lipunguze kidogo, kwa sababu hewa ikipata joto inatanuka na kuvuta mishono.

Miezi ya joto, Septemba na Oktoba, shida inageuka. Plastiki hainywi jasho. Shuka jembamba juu yake linalowa na kuteleza, na kila ukigeuka godoro linalia. Tena blanketi la chini ndilo linaloponya.

Halafu neti. Huku kanda ya ziwa malaria si hadithi, na kulala chini bila chandarua kwa sababu tu "ni kwa muda" ni kosa ambalo watu wengi wazima wanalifanya. Sponji ina uzito, unachomeka neti chini yake pande zote na inakaa mpaka asubuhi. Godoro la upepo ni jepesi na linateleza. Unachomeka, unageuka mara mbili, limesogea, kona ya neti imechomoka na mbu wameingia. Nilihangaika wiki nzima kabla ya kugundua kwamba neti ichomekwe chini ya mkeka, na godoro likae juu ya mkeka. Basi ikatulia. Ila usije ukawasha dawa ya mbu ya koili karibu na godoro la plastiki. Cheche moja, ama kile kipande chenye moto kikidondoka, ni tundu papo hapo, na plastiki ikishika moto kwenye chumba kidogo moshi wake ni hatari.

Kama mnalala wawili, naomba sana msijaribu la upepo la bei ya chini. Mmoja akigeuka mwingine anarushwa, mzito anazama katikati na mwepesi anamtelezea usiku kucha.

Linapopata tundu

Mwezi wa tatu godoro langu lilianza kuisha upepo kila ifikapo saa nane usiku. Nililipeleka kwa fundi baiskeli, nikidhani pancha ni pancha. Akalishika, akalivuta kidogo akanirudishia: "Dada, hii si mpira, ni plastiki. Solushani yangu haitashika." Alikuwa mkweli, na maneno yake ninayapitisha kwako. Viraka vya tyubu vinashika kwenye mpira. Godoro hili linahitaji gundi ya plastiki ya aina yake, ile inayotumika kwenye maturubai ya plastiki na maboya, pamoja na kipande cha plastiki laini ya namna ileile. Mengine yanakuja na kiraka ndani ya boksi. Usikitupe na karatasi za maelezo.

Kulitafuta tundu ni kazi ya subira. Anza na kizibo. Mara nyingi kinachovujisha ni mchanga au uzi ulionasa kwenye mdomo wa kizibo, ukiufuta kwa kitambaa kibichi umemaliza. Kama siyo hapo, jaza godoro vizuri, changanya maji na sabuni ya unga, paka kwa sifongo kipande kwa kipande ukitazama mapovu. Upande wa chini ndio wa kuanza nao, kwa sababu adui mkubwa ni kile kichanga cha sakafuni na ncha za saruji iliyochubuka. Ukilipata, liwekee alama ya kalamu, toa upepo wote, kausha. Kama tundu liko upande wenye manyoya laini, yakwangue kwanza na ufute kwa spiriti, la sivyo gundi itayashika manyoya na si plastiki. Bandika, weka kitu kizito, kisha subiri siku nzima. Ndiyo, hiyo siku unalala kwingine.

Tundu la wazi linatibika. Yapo mawili yasiyotibika. La kwanza ni mshono wa pembeni ukiachia, kwa sababu kiraka hakikai kwenye kona inayovutwa pande mbili. La pili ni kuta za ndani. Godoro la upepo lina vipande vya plastiki ndani vinavyoushika uso wa juu na wa chini ili lisivimbe kama puto. Kimoja kikikatika unaona nundu inatokea, wiki inayofuata imekuwa kubwa, na hakuna fundi anayeweza kuingia humo. La kwangu lilikufa hivyo, nundu ikaja chini ya mbavu za kushoto.

Kinachozikata hizo kuta mara nyingi ni kujaza kupita kiasi. Ndiyo maana kamwe usilipeleke kwa fundi pancha wa magari akakujazie na kompresa. Ile ni nguvu ya kuinua lori, kwa godoro ni sekunde chache tu. Pampu ya mguu inatosha, na mimi ningeichagua hata kuliko ile ya umeme iliyojengwa ndani ya godoro. Pampu ya ndani ikiharibika godoro zima limekwisha, na LUKU ikikatika saa nne usiku huna pa kulala. Kama ndugu amekuletea kutoka Marekani, soma kibandiko cha pampu kabla ya kuchomeka: umeme wa kule ni volti 120, wa kwetu ni 230, na pampu ya kule ikichomekwa huku moja kwa moja inaungua.

Sponji nayo ina madhambi yake

Nisionekane nimenunuliwa. Sponji iliyolazwa moja kwa moja juu ya saruji inaoza kimyakimya. Mwili unatoa joto na jasho usiku kucha, sakafu ni baridi, na unyevu unakutana hapo chini. Baada ya majuma mawili matatu, hasa kipindi cha masika na kwenye nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ambako maji yanapita chini ya mawe, ukilinyanyua unakuta madoa meusi ya ukungu na harufu. Chini yake weka mkeka, na kila asubuhi lisimamishe ukutani lipate hewa. Hilo la kulisimamisha si hiari. Ukijijua ni mtu wa kutoka mbio saa kumi na mbili bila kutazama nyuma, tafuta chaga za mbao kwa fundi seremala hata kabla ya kitanda. Mbao chache zilizopigiliwa juu ya vipande viwili zinatosha kuliinua.

Kunguni ni jambo jingine. Plastiki unaifuta kwa maji ya sabuni na mishono yake unaiona yote. Sponji yenye kitambaa ina mafichio mengi, na kunguni anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo nikisema sponji nasema mpya. Godoro la kununua kwa anayehama, hata likiwa zuri machoni, unaweza kununua na wapangaji wake.

Na kuna sponji za kukudanganya. Dukani zote zinafanana, kitambaa kina maua mazuri, ukibonyeza kwa mkono inarudi. Inchi za unene hazikuambii ubora, kilo ndizo zinazokuambia. Godoro la futi nne kwa sita la inchi sita lina ujazo wa takriban theluthi moja ya mita ya ujazo. Sponji ya kilo 16 kwa kila mita ya ujazo italifanya liwe na kilo tano na nusu hivi, ya kilo 24 italifikisha kilo nane, bila kuhesabu kitambaa. Tofauti hiyo unaisikia mkononi ukiyanyanyua mawili kwa zamu. Lile jepesi ndilo litakalokuwa na shimo la nyonga baada ya miezi michache. Mimi nilimwomba muuza duka anipimie kwenye mzani wa jirani yake, akashangaa lakini akakubali. Na kama hela inatosha jembamba zito au nene jepesi, chukua jembamba zito. Inchi nne nzuri inakubeba kuliko inchi nane za povu, ilimradi wewe si mtu mzito sana na unalala chali. Ukilala ubavu, hapo inchi nne utaisikia sakafu begani, sitakuficha.

Wazee ni habari nyingine. Shangazi yangu alipokuja kumuuguza mumewe nilimpa godoro la upepo nikiamini kwamba kwa kuwa limeinuka kutoka sakafuni litamsaidia magoti. Alipokaa ukingoni ili ainuke, ukingo ukasinyaa na kumrudisha nyuma. Alinyamaza siku tatu kwa heshima, ya nne nikamkuta amejilaza kwenye mkeka. Sponji ya sakafuni nayo ilimshinda kuinuka. Mwenye magoti mabovu umtafutie kitanda, hata cha kuazima kwa majirani. Vyote viwili ninavyolinganisha hapa havimfai.

Mtoto mchanga

Sehemu hii haina mizani ya huku na huku. Mtoto mchanga asilazwe kwenye godoro la upepo, peke yake wala na mama yake, hata usiku mmoja. Uso laini wa plastiki unambonyea, akigeuka kifudifudi au akitelezea kwenye ufa kati ya godoro na ukuta pua inazibwa, na hana nguvu ya kujiondoa. Likipungua upepo usiku hatari inazidi. Mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani imeonya kwamba watoto wa miezi 15 kushuka chini wasilazwe juu yake kabisa, na maonyo ya namna hiyo yanachapwa kwenye maboksi kwa herufi ndogo za Kiingereza ambazo mama aliyechoka na safari ya kutoka Bukoba hazisomi. Nimewahi kumwona mama anamlaza wa wiki sita juu ya godoro nililomwazima mimi mwenyewe. Sasa ninapoliazimisha nalisema hilo kwanza, kabla ya pampu. Mtoto alale kwenye sponji ngumu, tambarare, mbali na mito na mablanketi mazito, ndani ya neti.

Hesabu

Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo chukua njia ya hesabu na uweke bei za duka lako. Tuseme godoro la upepo na pampu yake ni shilingi 60,000, nalo likadumu miezi minne ya kulaliwa kila siku kama langu. Kila mwezi umelipa 15,000. Tuseme sponji ni 120,000 pamoja na kulipandisha, likadumu miaka mitatu: hazifiki 3,400 kwa mwezi. Hata ungeweza kulitunza la upepo lidumu mwaka mzima, bado kila mwezi lingekugharimu 5,000. Na mwisho wake sponji unaihamishia kwenye kitanda chako kipya, yaani hela uliyotoa ilikuwa ya kitanda tangu mwanzo. Godoro la upepo lililokatika ndani hata wa kuchukua bure hayupo.

Lakini hesabu hiyo inageuka ikiwa sponji ya 120,000 huna na hutakuwa nayo kabla ya mwezi ujao. Hapo usikope kwa riba ili ulale. Ulizia kwanza sponji ya futi tatu na nusu kwa sita, inchi nne, isiyo na kitambaa cha bei. Mara nyingi iko karibu na bei ya la upepo, na watu hawaiulizii kwa sababu dukani imewekwa nyuma, imesimamishwa nyuma ya yale makubwa.

Basi nikikaa na ndugu anayeniuliza leo, namuuliza mimi kwanza: utalala hapo siku ngapi mfululizo? Kama ni chini ya thelathini, au hujui utakuwa mji gani mwezi ujao, chukua la upepo, nunua na mkeka, blanketi la kutandika chini na gundi yake siku hiyohiyo. Kama zinapita thelathini na una pa kuliweka, chukua sponji hata kama ni nyembamba. Mwanafunzi wa Nyegezi mwenye kitanda cha chuma cha hosteli asijaribu kulaza la upepo juu ya zile nyaya, litatoboka wiki ya kwanza.

Kwangu sasa kuna sponji ya inchi sita juu ya kitanda cha mninga, na ile ya inchi nne imesimama nyuma ya mlango kwa ajili ya wageni wa Bugando. Godoro la upepo nililonunua tena liko kwenye mfuko juu ya kabati. Wiki iliyopita jirani aliliomba, anapelekwa Ukerewe siku kumi kwa kazi ya vipimo vya ardhi. Nilimpa na pampu ya mguu, nikamwonyesha pa kupaka sabuni likivuja, na nikamwomba kitu kimoja: asilikunje likiwa bichi.